Kutajwa si Kusikilizwa

Penseli yangu imetafunwa kichwa.
Kwa hiyo ndiyo naandika tarehe. Wino niliuacha zamani:
wino ni wa watu wenye uhakika,
nami ni karani wa masijala, Santa Leocadia, kisiwani Samar,
ambako hata daraja husubiri ruhusa ya mto.

Sheria inasema kesi ya uchaguzi itangulie.
Basi Februari ile nikaitanguliza:
Eustaquio Labrague, fundi wa redio,
dhidi ya Melchor Cinco, kapteni mteule wa barangay.
Kura tatu baina yao. Tatu,
abiria wa pikipiki moja.

Ili wapate Jumanne, nikamfuta Ninfa Dacutanan,
aliyekuwa akidai maziwa ya mwanawe
kwa baba anayejificha Cebu.
Nikamsogeza wiki sita. Nikamwambia, "Ni sheria, mama."
Mtoto alikuwa amelala begani, mdomo wazi.

Jumanne ikafika. Masanduku manne yakapandishwa ngazi,
kila moja na kufuli tatu, funguo kwa watu watatu.
Wawili walikuja.
Wa tatu alikuwa harusini.

Machi wakili wa Cinco aliumwa jino.
Aprili, pingamizi. Mei, jibu la pingamizi.
Juni, pingamizi la jibu.
Kando ya jina niliandika: kutajwa.
Kutajwa.
Kutajwa.
Fundi alikuja na shati lile lile jeupe,
lililopigwa pasi hadi likang'aa viwikoni,
akaitika "Nipo" kama mtu anayetafuta stesheni,
akarudi nyumbani.
Siku moja aliinama dirishani kwangu, akauliza bila hasira:
"Dada karani, kutajwa ni nusu ya kusikilizwa, au robo?"
Nikajifanya natafuta muhuri.

Novemba kimbunga kilikuja. Hakikuomba tarehe.
Tuliyabeba masanduku hadi darini kanisani,
mimi, bawabu,
na Cinco mwenyewe, suruali imekunjwa magotini,
maji yakimpiga mapajani.
"Yasilowe," alisema. "Hata mimi nataka kujua."
Hilo halimo jaladani.

Mwaka wa pili hakimu alihamishwa.
Kiti kikakaa kitupu miezi saba.
Kalenda ya kiti kitupu haina kazi kuiandika.

Kisha akaja Visitacion Apelado,
mwanamke mfupi mwenye saa ya kiume.
Alisoma jalada usiku mmoja, asubuhi akaniita:
"Kesho. Keshokutwa. Mtondo. Mtondogoo.
Saa mbili kamili, mpaka tumalize.
Mwenye harusi aoe usiku."
Penseli ikasita hewani.
Kwa mara ya kwanza niliandika kusikilizwa,
na neno likawa refu, likatoka nje ya kisanduku chake,
likaingia siku ya pili, ya tatu.

Zikahesabiwa mezani, moja moja, dirisha wazi.
Moja ilikuwa na alama ya kidole cha mafuta;
tuliigeuzageuza kama samaki wa jana.
Labrague akashinda kwa kura moja.
Muhula ulikuwa umebakiza siku kumi na tisa.

Akaapa Jumatano, kwa shati lile lile.
Alitengeneza taa ya njia panda,
akasaini hati tano za ukaazi,
akakirudisha kiti kikiwa bado na joto la mwenzake.

Na Ninfa? Nilimfuta mara nne.
Hukumu yake ya maziwa ilitoka mtoto anakula wali.
Alipanda ngazi zetu kwa miguu yake mwenyewe, yule mtoto,
akang'ata pembe ya kalenda yangu,
nami sikumkataza.

Leo asubuhi imeletwa kesi nyingine:
barangay ya ng'ambo ya mto, kura mbili.
Nimechonga penseli. Nimepuliza unga wa kifutio mezani.
Sheria inasema itangulie.
Nafungua Jumanne.
Jumanne ina jina la mtu.